Ukali wa Mwalimu na Haki ya Mwanafunzi

Katika lugha yetu ya Kiswahili, mtu anayewafunza wachezaji mpira ana majina kadhaa. Wapo wanaomwita kocha, na wapo wanaomwita mkufunzi. Lakini ukienda kiwanjani jioni, ukawasikiliza vijana wanavyomwita mtu yule mwenye filimbi shingoni, neno utakalolisikia mara nyingi ni "mwalimu". Neno hilo si dogo kwetu. Ndilo tulilompa kiongozi wa kwanza wa taifa letu, na ndilo tunalompa mtu anayemshika mtoto mkono ili aandike herufi yake ya kwanza. Kwa hiyo tunapomwita mtu wa filimbi mwalimu, tunamtwika mzigo wote wa jina hilo, pengine bila kujua. Tunakuwa tumesema kwamba kazi yake haikomei katika kushinda mechi; kazi yake ni kulea.

Katika insha hii tunakusudia kuchunguza swali moja linalotokana na jina hilo, nalo ni hili: mwalimu ana haki ya kuwa mkali kwa kiasi gani, na kwa faida ya nani? Wazee wetu hawakulinyamazia jambo hili. Walisema kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Na walisema pia kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali ya kwanza yatuhimiza tusiyaogope machozi ya mtoto. Methali ya pili yatuonya kwamba machozi hayo nayo ni sehemu ya malezi, na kwamba hayapiti bila ya kuacha alama. Anayeishika ya kwanza peke yake huweza kuwa dhalimu; anayeishika ya pili peke yake huweza kuwa mwoga. Busara ni kuzishika zote mbili, na hapo ndipo ugumu unapoanzia.

Kinyozi hajinyoi. Tukiwachukua walimu wetu wa hapa nyumbani kuwa mfano, mara tutaanza kugombania timu na majina, na swali lenyewe litapotea. Tumeona afadhali tuchukue mfano wa mbali, wa mtu ambaye kazi yake ina mwanzo na mwisho unaojulikana, ili tuweze kuitazama yote kwa utulivu. Mtu huyo ni mwanamke wa Kimarekani, Pat Summitt, aliyefundisha mpira wa kikapu wa wanawake katika Chuo Kikuu cha Tennessee, mjini Knoxville, tangu mwaka 1974 hadi mwaka 2012. Katika miaka hiyo 38 timu zake zilishinda mechi 1,098 na kushindwa 208, zikatwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya nchi yake mara nane. Lakini hesabu hizo si jibu la swali letu. Jibu, kama lipo, tutalitafuta katika namna alivyozipata.

Alizaliwa tarehe 14 Juni, 1952, akaitwa Patricia Head. Wazazi wake walikuwa wakulima katika jimbo la Tennessee, na watoto wao watano walikulia katika kazi za shamba: kukamua ng'ombe, kukata majani ya mifugo, na kuhudumia tumbaku. Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache na amri nyingi. Walakini binti yake alipofika umri wa sekondari, ikaonekana kwamba shule ya mahali pao haina timu ya wasichana, baba huyo aliihamisha familia nzima na kuvuka mpaka wa wilaya, ili mtoto wake wa kike apate mahali pa kucheza. Tunaomba msomaji alishike jambo hili moyoni, kwa maana tutalirudia. Mzee huyu hakumpunguzia mwanawe kazi hata siku moja. Lakini ilipobidi mtu abebe mzigo kwa ajili ya haki ya mtoto, aliubeba yeye.

Mwaka 1972 ilipitishwa nchini Marekani sheria iliyokataza shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia yake. Sheria hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa michezo ya wanawake vyuoni. Lakini mlango uliofunguliwa kwa karatasi hauna budi kupitwa kwa miguu. Miaka miwili baadaye, msichana huyu, mwenye umri wa miaka 22, alijikuta amekabidhiwa timu ya chuo kikuu. Baadhi ya wachezaji wake alikuwa amewazidi kwa mwaka mmoja tu. Mshahara wake ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Jezi za timu alizifua mwenyewe, na timu iliposafiri, dereva wa gari alikuwa yeye mwenyewe. Wakati huo huo alikuwa akisomea shahada ya pili, akifundisha darasani, na kulitibu goti lake lililoumia vibaya, kwa kuwa alikuwa hajakata tamaa ya kuichezea timu ya taifa.

Hakuwa mpole. Inasimuliwa kwamba katika majaribio yake ya kwanza ya kuchagua wachezaji, aliwakimbiza wasichana mbio ndefu za kwenda na kurudi, hata wanne kati yao, walipofika mwisho wa uwanja, hawakugeuka. Walipanda ngazi mbio, wakatoka mlangoni, wasionekane tena. Wapo watakaocheka kwa kisa hiki, na wapo watakaokasirika. Sisi tunaona kwamba wote wawili wana sababu. Ili tujue ni ipi iliyo nzito zaidi, yatubidi kwanza tuutazame upole ambao wasichana wa jimbo hilo walikuwa wamezoea kutendewa.

Katika shule za sekondari za Tennessee za siku hizo, wasichana hawakuucheza mpira wa kikapu kama wavulana. Timu yao ilikuwa na watu sita badala ya watano. Watatu walikaa nusu moja ya uwanja wakishambulia, na watatu walikaa nusu ya pili wakilinda. Wala hapakuwa na aliyeruhusiwa kuuvuka mstari wa katikati. Msichana aliyewekwa katika ulinzi aliweza kumaliza miaka yake yote ya shule bila ya kurusha mpira kikapuni hata mara moja katika mechi. Kanuni hizo zilitokana na fikira kwamba mwili wa mwanamke ni dhaifu, haufai kukimbizwa uwanja mzima. Kwa maneno mengine, zilitungwa kwa huruma.

Summitt alizipinga kanuni hizo hadharani. Alieleza kwamba msichana aliyefunzwa nusu ya mchezo anafika chuo kikuu akiwa na nusu ya uwezo, kwa hiyo nafasi ya masomo anayostahili inakwenda kwa mwingine aliyetoka jimbo jingine. Kabla ya miaka ya 1970 kwisha, kanuni hizo zilibadilishwa. Hapa ndipo tunapopata funzo letu la kwanza. Ipo huruma ambayo kwa hakika ni dharau iliyovishwa nguo nzuri. Anayemwambia mtu "wewe pumzika, hili hutaliweza", pengine anampenda. Lakini amekwisha kumpimia ukomo wake, wala hakumwuliza mwenyewe. Na anayemwambia "kimbia tena, bado unaweza", hata akimwambia kwa sauti kali, amemheshimu; kwa sababu amemwona mtu kamili mbele yake.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba mchezo wenye mipaka ni mchezo duni. Mpira wa pete, ambao dada zetu wanaucheza kwa ustadi mkubwa mashuleni, vyuoni na katika majeshi yetu, ulichipuka katika mpira wa kikapu huko Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, na ndani yake kila mchezaji ana sehemu yake ya uwanja. Uzuri wake umo katika mipaka hiyo hiyo, kwa sababu inamlazimisha kila mmoja amtegemee mwenzake. Ubaya hautoki katika mstari uliochorwa chini. Hutoka katika fikira za mchoraji: je, ameuchora ili mchezo uwe mzuri, au ameuchora kwa kuwa anaamini kwamba mchezaji hawezi?

Hata hivyo, msomaji mwenye busara atatuuliza: je, kila ukali ni heshima? Hasha. Dunia imejaa watu wanaowatesa walio chini yao na kuyaita mateso hayo malezi. Yupo mwalimu anayempiga mtoto kwa kuwa amegombana nyumbani kwake. Yupo anayewatukana wachezaji mbele ya hadhara ili watazamaji wamwone yeye kuwa shujaa. Na hata Summitt mwenyewe hatumtetei katika kila jambo. Imesimuliwa kwamba katika miaka yake ya mwanzo, alipopata habari kwamba wachezaji wamekesha katika karamu, aliweka mapipa ya taka katika pembe za uwanja na kuwakimbiza mpaka wakatapika. Hatuoni fahari katika kisa hicho. Tunakitaja kwa kuwa mfano uliofichwa madoa yake haumfundishi mtu. Basi tunahitaji kipimo cha kutuwezesha kuutenga ukali wa haki na ukali wa dhuluma. Tukiyatazama maisha ya mwalimu huyu kwa makini, tunaona vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza ni hiki: je, mwalimu mwenyewe yumo chini ya sheria anayowawekea wengine? Tumekwisha kuona kwamba mtu aliyewakimbiza wasichana ndiye aliyezifua jezi zao. Tuongeze kwamba kwa lile goti lililoumia alifanya mazoezi miaka miwili, na mwaka 1976, mpira wa kikapu wa wanawake ulipoingizwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki mjini Montreal, alikuwa mmoja wa manahodha wa timu ya Marekani iliyopata medali ya fedha. Miaka minane baadaye, mjini Los Angeles, aliiongoza timu hiyo kama kocha ikapata dhahabu. Hakumdai mtu jasho ambalo yeye mwenyewe hakulitoa.

Hapo Montreal tunaomba tusimame kidogo, maana sisi tunaukumbuka mwaka huo kwa jambo jingine. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nyingi za Afrika zilizoisusia michezo hiyo, kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikwenda kucheza katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, iliruhusiwa kushiriki. Filbert Bayi, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, hakukimbia. Taifa lilisema mbele ya dunia kwamba utu una thamani kuliko medali, na lilisema kweli. Lakini tusisahau kwamba gharama ya kauli hiyo ilibebwa na miguu ya kijana aliyekuwa katika kilele cha uwezo wake. Ukali wa haki nao una mlipaji wake. Anayemtaka mwenzake ajitoe, iwe ni taifa au ni mwalimu wa kiwanjani, ana deni la kumweleza waziwazi anajitoa kwa ajili gani, na deni la kumkumbuka baadaye.

Kipimo cha pili chatokana na hilo: matunda ya ukali huo yanakwenda kwa nani? Ni kweli kwamba Summitt alifaidika. Mtu aliyeanza kwa dola 250 kwa mwezi alifikia, mwaka 2006, mkataba uliovuka dola milioni moja kwa mwaka. Sifa alizipata, na mwaka 1998 timu yake ilimaliza msimu kwa kushinda mechi zote 39 na kutwaa ubingwa kwa mwaka wa tatu mfululizo. Lakini ipo sheria yake moja ambayo haikumwongezea kikombe hata kimoja. Wachezaji wake walitakiwa wakae katika safu za mbele darasani. Na aliyekosa kipindi bila ya ruhusa hakucheza mechi iliyofuata, hata angekuwa hodari wa namna gani. Kwa miaka yote 38, kila mchezaji aliyemaliza kipindi chake cha kuichezea timu hiyo alipata shahada yake. Mwalimu anayetafuta jina lake tu angemwacha mfungaji wake bora akalale, mradi jioni apachike mabao. Huyu alikuwa tayari kupoteza mechi ili msichana asipoteze masomo. Hapo ndipo tunapoona kwamba mzigo mwingi aliowatwika ulikuwa mali yao wenyewe, nao walikwenda nao nyumbani.

Kipimo cha tatu ndicho kigumu kuliko vyote: je, mwanafunzi anafika siku ya kuweza kusimama bila ya mwalimu wake? Dhalimu hapendi siku hiyo ifike. Humfanya mwanafunzi awe tegemezi, amwogope yeye zaidi kuliko anavyoipenda kazi, ili akiondoka yeye kila kitu kianguke na watu waseme: hakuna kama yeye. Katika mila za pwani yetu, mwanamwali hukabidhiwa kwa somo wake, naye humfunza mambo mazito ya utu uzima, wakati mwingine kwa maneno makali. Lakini shabaha ya mafunzo hayo tangu siku ya kwanza ni kwamba mwali atatoka ndani, na baada ya miaka yeye mwenyewe ataweza kuwa somo wa mwingine. Uhusiano wao haufi. Ila hauwi tena uhusiano wa anayeamuru na anayeamriwa.

Summitt alijaribiwa kwa kipimo hiki kwa namna ambayo hakuna mtu angeitamani. Mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 59, madaktari walimwambia kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer, ule unaokula kumbukumbu za mtu kidogo kidogo. Fikiri, ndugu msomaji, maana ya jambo hilo kwa mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kukumbuka na kuamua: kukumbuka kila mchezaji wa timu pinzani na kila kosa la jana, na kuamua katika nukta chache nani aingie na nani atoke. Angeweza kujificha. Angeweza kujiuzulu kwa kisingizio na kuiacha dunia imkumbuke akiwa na nguvu. Mnamo Agosti mwaka huo aliwatangazia watu ukweli, kisha akafundisha msimu mmoja zaidi.

Katika msimu huo mambo mengi yaliyokuwa yakitoka mdomoni mwake yalitoka midomoni mwa wasaidizi wake. Mmoja wao, Holly Warlick, alikuwa amechezea timu hiyo hiyo chini yake katika miaka ya 1970, kisha akawa msaidizi wake tangu mwaka 1985. Timu haikuanguka. Ilifika robo fainali ya ubingwa wa taifa, na mwezi wa Aprili, 2012, Summitt alipong'atuka, Warlick ndiye aliyekabidhiwa kiti. Mwalimu alifariki dunia tarehe 28 Juni, 2016, akiwa na umri wa miaka 64.

Tunapolitafakari jambo hili tunaona kwamba ugonjwa ule ulimnyang'anya mwalimu kumbukumbu zake, lakini haukuweza kuyanyang'anya yale aliyokwisha kuyaweka kwa wengine. Alichofundisha kilikuwa hakimo tena katika kichwa chake peke yake. Kilikuwa kimo katika wanawake wengi, baadhi yao walimu wa timu nyingine, baadhi yao mama wa watoto, ambao waliwahi kukimbizwa naye, wakamkasirikia, kisha wakaelewa. Laiti angewafunza kumwogopa tu, woga huo ungekufa pamoja na nguvu zake. Kwa kuwa aliwafunza kazi, kazi iliendelea.

Na sasa turejee nyumbani. Mara nyingi tunabishana kuhusu malezi kana kwamba njia ni mbili tu: ukali wa zamani au ulegevu wa leo. Mfano huu watuonyesha kwamba mabishano hayo hayafiki penye kiini. Ukali na upole ni vyombo tu, kama jembe na panga. Swali ni vinalima shamba la nani. Baba aliyehamisha nyumba yake ili binti apate kucheza hakuwa mpole, wala hakuwa mkatili. Alikuwa mtu aliyejua kwamba anayedai mengi hana budi kutoa mengi.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wetu, wa darasani na wa viwanjani, wasiuone ukali kuwa ni haki inayotokana na cheo. Ni deni, na kila wanapoutumia, deni linaongezeka. Tunawaomba pia wazazi wasiwanyime mabinti zao jasho la haki kwa jina la huruma, kwa maana msichana anayefichwa na kazi ngumu atakutana nayo tu siku moja, na siku hiyo hatakuwa na mwalimu pembeni. Na msichana anayeambiwa jioni hii azunguke kiwanja mara moja zaidi, miguu ikimwuma na jua likitua, na akimbie. Lakini akimaliza, ana haki ya kuuliza mbio zile zilikuwa kwa faida ya nani. Mwalimu wa kweli haliogopi swali hilo. Atalijibu, kisha ataokota mipira pamoja naye.